Shangazi, Bruges na Samaki wa Chumvi

Ukiishi Ixelles, Brussels, ukapata mgeni kutoka nyumbani, utake usitake utampeleka Bruges. Brussels yenyewe haina mifereji ya kupigia picha. Mto wake, Senne, ulinuka kupita kiasi, wakaufunika kuanzia mwaka 1867 hadi 1871, na mfereji mkubwa uliobaki ni wa matishari ya mchanga. Anayetaka maji, madaraja na nyumba za kale hupanda treni mwendo wa saa moja. Mgeni akirudi kwao bila picha ya Bruges, watasema hukumtunza.

Shida ni kwamba mgeni wangu alikuwa shangazi, na shangazi ni mtu wa Lamu.

"Maji si haya hapa?" aliniuliza tulipopita kando ya mabwawa ya Flagey, mabata wakijielea zao. Nikamweleza kwamba ya Bruges ni ya kihistoria. Akanyamaza, kile kimya cha watu wazima ambacho mwisho wake huujui.

Kabla ya kwenda stesheni akataka tupite Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Ixelles uliorithi jina la mtaa wa Kinshasa. Katika duka moja la Chaussée de Wavre akakutana na samaki wa chumvi, wale ambao Wakongo huwaita makayabu. Muuzaji alikuwa mama wa Bukavu. Wakaamkiana, wakaulizana hali za watoto, kisha wakagombania bei mpaka foleni ikafika mlangoni. Nikamsihi shangazi tuwachukue samaki jioni.

"Na jioni wakiwa wamekwisha?"

Samaki wakafungwa kwenye gazeti, gazeti likatiwa mfukoni, tukapanda basi namba 71. Treni tuliikuta imejaa pomoni. Kufika Ghent, viti vyote vya karibu yetu vilikuwa vitupu, na shangazi akawasifu Wabeljiji kwa kuwaheshimu wazee.

Bruges haikumbabaisha. Vichochoro vyembamba? Kwao vipo. Nyumba kongwe zilizobanana? Kwao zipo. Nikaona nimweleze kwamba UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Akakumbuka kwamba Lamu iliingia 2001. "Wametutangulia mwaka mmoja tu," akasema, "na bahari hawana." Kwenye mnara wa kengele, ulioko uwanja wa Markt, nikamwambia kuna ngazi 366 hadi juu.

"Huko juu wanaadhini?"

"Hapana, shangazi. Ni kengele."

"Basi nipande nikafuate nini?"

Tukaingia kwenye boti. Nahodha, kijana mcheshi, alisimulia jinsi Bruges ilivyokuwa bandari tajiri hadi mkono wa bahari uitwao Zwin ulipojaa mchanga. Biashara ikahamia Antwerp, mji ukafukarika, na fedha za kubomoa majumba ya zamani zikakosekana. Majumba hayo hayo ndiyo yanayowalisha leo. Shangazi alisikiliza tafsiri yangu kwa huruma, akaniagiza nimpe pole yake. Kisha akauliza maji hujaa saa ngapi. Nahodha akajibu kwamba hayajai wala hayapwi.

"Basi hili ni karo," shangazi akasema. Hilo sikulifasiri.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumeinua vichwa baada ya kupita chini ya daraja fupi, shakwe akashuka. Alishika mfuko upande mmoja, shangazi akashika wa pili. Plastiki ikachanika, gazeti likachanika, mkia wa samaki ukachomoza. Boti ikayumba, watalii wakatoa simu. Shakwe akaondoka na kipande cha mkia, shangazi akabaki na samaki waliosalia na buibui lililojaa chumvi. Nahodha akatangaza, kwa adabu, kwamba ni marufuku kuwalisha ndege.

"Mwambie simlishi," akasema shangazi. "Ananiibia."

Kilichomvutia hatimaye ni farasi wa kukokota magari ya watalii, au tuseme mfuko uliofungwa nyuma yake kuzuia kinyesi kisianguke njiani. Aliuzunguka, akainama, akauchunguza mshono. Mtu aliyekulia Lamu, mji ambao mizigo yake hubebwa na punda na njia zake hupitwa kwa kuangalia chini, hahitaji kuelezwa thamani ya mfuko ule. Papo hapo akampigia simu ya video mwanawe, ambaye ana punda wa kubebea mchanga, akamwonyesha farasi kwa nyuma kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mama," binamu yangu akasema, "punda wangu kunipisha mlangoni hataki. Nepi atakubali?"

"Wabeljiji wamemvika farasi, nyinyi mshindwe na punda?"

"Farasi ni mtumishi wa serikali, mama. Punda ana rai yake."