Nimelipa Kuangalia Alipokanyaga

Mama, Tantine, Baba mdogo, na nyinyi wote mtakaosomewa barua hii,

Habari isiyoweza kungoja ni kwamba nimetoa pesa, pesa halali za jasho la machinjioni, ili niingizwe ndani ya nyumba na kuonyeshwa mahali alipopita mnyama. Siyo mnyama mwenyewe. Mnyama hayupo, alipita pale miaka kama milioni 95 iliyopita. Nimelipa kuangalia alipokanyaga. Bei siitaji, maana najua Mama ataigeuza papo hapo kuwa gramu za dhahabu, halafu atanyamaza kwenye simu hadi salio liishe.

Lawama zote mpelekeeni mjukuu wenu. Mtoto huyu aliyezaliwa huku Toowoomba, Queensland, anajua majina ya dinosaria kuliko majina ya mababu zake. Mwulize ukoo wa bibi yake, anakukodolea macho. Mwulize Muttaburrasaurus, atakwambia mifupa yake iliokotwa mwaka 1963 karibu na kamji ka Muttaburra, kando ya mto Thomson, na kwamba alikuwa mla majani. Likizo ya Septemba ilipofika akatangaza kwamba anataka kwenda Lark Quarry, ziliko hizo nyayo. Mama yake, ambaye ndiye mkurugenzi mkuu wa nyumba hii, PDG kamili, akakubali. Mimi hapa ni mchimbaji tu, nasubiri mgao.

Kutoka Toowoomba hadi Winton, mji wa kuanzia kwenda Lark Quarry, ni zaidi ya kilomita 1,000. Safari yenyewe siisimulii: ni barabara, kangaruu waliogongwa, halafu barabara tena. Lakini Winton lazima niwaeleze. Wilaya yake ina zaidi ya kilomita za mraba 50,000, yaani haiko mbali sana na ukubwa wa Kivu Kusini yetu nzima, na wakazi wake ni kama 1,100. Hao wote wangeingia katika ibada ya kwanza ya Jumapili pale kwetu, na Tantine angelalamika kwamba kanisa lina baridi kwa kukosa watu.

Ajabu ya mji huo ni maji. Yanatoka katika kisima kinachoshuka zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi, na yanafika juu yakiwa na joto la nyuzi zaidi ya 80. Hakuna aliyewasha moto. Ardhi imeyachemsha yenyewe, na mji unalazimika kuyapoza kwanza ndipo yapelekwe majumbani. Nilifungua bomba lenye alama ya buluu, lile la baridi, yakatoka ya uvuguvugu yenye harufu ya yai bovu. Nikafungua lile la alama nyekundu, nikaruka nje ya bafu nikimtaja Yesu. Mwenye nyumba ya wageni alisema tutazoea, kwamba kuna watu wanaikosa harufu hiyo wakihama. Nilimwamini mara moja, maana mimi naikosa harufu ya moshi wa makaa yaliyoloana. Niliwafikiria nyinyi mnaoteremka alfajiri na bidoni za njano, mnapanda nazo kilima, halafu mnatafuta kitu cha kuchemshia maji. Mungu alipogawa alichanganya makaratasi: maji yaliyokwisha kuchemka ameyapeleka mahali pasipo na watu.

Kesho yake, kabla ya kupanda kibasi cha watalii, tulipewa fomu. Baba mdogo, wewe uliyeshuka shimoni miaka yote ile na taa ya kichwani tu, bila hata kuulizwa jina, ungeiona fomu hiyo ungelia. Je, una ugonjwa wa moyo? Je, umepasuliwa hivi karibuni? Je, kuna mdudu au chakula kinachokudhuru? Je, unavumilia joto? Hapo nilicheka, nikaandika ndiyo kwa herufi kubwa, maana mimi ni Mwafrika. Kufikia saa tano nilikuwa nimeegemea gari nikihema. Joto la kwetu lina mvua ndani yake. Hili lao ni kavu kabisa, linakunywa mate mdomoni kabla hujameza. Kisha, kwenye fomu hiyohiyo, unatia sahihi kwamba umeelewa kuwa kutembea kunaweza kusababisha kuanguka.

Mstari wa mwisho uliuliza mtu wa kuarifiwa ukipatwa na dharura. Mtu mmoja. Kwetu ukianguka na pikipiki, habari inafika nyumbani kabla yako, na wanaokuja kukuinua wanatosha kuchagua mwenyekiti na mweka hazina. Nikaandika Mama, na namba yake. Msichana wa mapokezi akazitazama zile tarakimu zinazoanza na 243, akasema kwa upole kwamba wangependa mtu aliye karibu, ambaye hapandi kibasi hiki. Mke wangu anapanda. Mtoto anapanda. Nilishika kalamu ile hadi watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Mwishowe nikaandika jina la mchungaji wetu wa huku. Mchungaji mwenyewe hajui. Mkizungumza naye msimwambie.

Fomu ilitaka pia viatu vya kufunika miguu, kwa hiyo nilivaa vile vyeusi vya kanisani, nikavipaka rangi kabisa, na kichwani wakanivisha wavu wa kuzuia nzi. Picha nimeituma kwa yaya, mkubwa wangu. Nimemkataza kuionyesha, ndiyo maana najua mmeshaiona wote.

Kutoka Winton hadi Lark Quarry ni kilomita 110 kuelekea kusini-magharibi, na sehemu nyingine haina lami. Kiongozi wetu aliomba radhi kwa ubaya wa barabara. Akaomba radhi! Ilikuwa changarawe nyekundu, imesawazishwa, hakuna shimo hata la kufichia mbuzi. Mimi na mke wangu tulitazamana. Tukaikumbuka barabara yetu ya RN2 msimu wa mvua, malori yamezama hadi tumboni, madereva wamewasha moto wanapika bugali kando ya matope, na wenyeji wanatoza ada ya kukusukuma kutoka katika tope walilolimwagia maji wenyewe usiku. Tulifika saa mbili hazijatimia. Mke wangu aliuliza kama hiyo ndiyo sehemu mbaya, au sehemu mbaya iko mbele.

Ndani ya kibasi walikuwemo wazee wastaafu, wale wanaouza nyumba na kuhamia katika gari. Mmoja aliposikia natoka Kongo, macho yalimng'aa. Akauliza habari za Mokele-mbembe, yule dinosaria anayedaiwa kuishi bado katika vinamasi vya Kongo. Nikamweleza kwamba Kongo ni mbili, kwamba vinamasi hivyo viko Likouala, upande wa Brazzaville, na kwamba wazungu wengi wamekwenda kumtafuta wakarudi mikono mitupu. Nikamwambia kama anataka dinosaria wa Afrika aende Berlin, maana kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, karibu na Lindi, wakawabebesha wapagazi zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe hadi bandarini, na yule mrefu kuliko wote bado amesimama katika makumbusho yao. Mzee alinyong'onyea. Nilimwonea huruma, nikaongeza kwamba huenda Baba yangu mdogo aliwahi kumwona mmoja mtoni. Akafurahi sana, akanigawia biskuti zake.

Sasa nyumba yenyewe. Mahali hapo ni jangwa la mawe mekundu na majani makavu, na katikati yake kuna jengo refu. Nikalikaribia, nikaligusa ukuta. Mama, ni udongo! Udongo ulioshindiliwa, wa rangi ileile ya nje. Sisi tunauza mbuzi na kukopa kwa shemeji ili tubomoe nyumba ya udongo na kusimamisha ya matofali, hawa serikali yao imetafuta wasanifu wajenge ya udongo, ikafunguliwa mwaka 2002, na wote tulisimama kuisifu. Nilieleza kwa Kiingereza changu kwamba marehemu babu alikuwa na kama hiyo, wakaniuliza msanifu wake alikuwa nani. Sababu wanayo: kuta hizo nene zinatunza joto na unyevu visibadilike sana, ili jiwe lisipasuke, na wanyama wa porini wasiingie kukanyaga juu ya waliokanyaga zamani. Huingii bila kiongozi. Ndani unatembea kwenye daraja lililoinuliwa, na mguu wako haugusi kitu.

Chini yake ndipo zilipo zile alama, kama 3,300. Katika miaka ya 1960 meneja mmoja wa shamba la mifugo, Glen Seymour, aliona alama katika mawe ya eneo hilo, akadhani ni za ndege wa kale. Mwaka 1976 na 1977 wataalamu na watu wa kujitolea wakachimba, wakaondoa zaidi ya tani 60 za mawe. Mahali pakapewa jina la Malcolm Lark, mmoja wa hao waliojitolea. Baba mdogo, umesikia? Aliyebeba mawe ndiye aliyepewa jina. Mkiwaambia wale wa mgodi wa Mobale hawataamini.

Kiongozi alisimulia vizuri, hata nzi walitulia. Kwamba hapo palikuwa tope la kando ya ziwa. Kwamba wanyama wadogo kama 150, wengine wa kimo cha kuku tu, walikuwa wakinywa maji, akatokea mla nyama mkubwa, wakatimua mbio wote upande mmoja. Alama zake unaziona, pana, zina vidole vitatu, zinakuja taratibu. Mjukuu wenu alikuwa hapumui. Halafu, bila kuona aibu, kiongozi akaongeza kwamba tangu mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland wamelipinga jambo hilo: yule mkubwa huenda alikuwa mla majani, na wale wadogo huenda hawakukimbia kitu, walikuwa wanavuka maji, wengine wakielea na kugusa chini kwa ncha za vidole, kwa nyakati tofauti. Kibasi kikagawanyika. Wazee waliolipia mauaji walitaka mauaji yao.

Mimi nilikuwa upande wa maji. Nilisema watu wakikimbia kweli hawaendi wote upande mmoja hivi. Kila mmoja anashika njia yake, na mwenye mtoto mgongoni anazama zaidi kisigino, na kuna anayerudi nyuma kuchukua kitu. Yule mzee wa biskuti akaniuliza nimesomea wapi mambo hayo. Nikamwambia nilisoma kwetu, Kamituga. Akadhani ni chuo.

Kitu kimoja sikuwaambia. Muda wote nilikuwa nalitazama jiwe, siyo alama. Jicho limelelewa hivyo, Mama, ni wewe uliyelilea kwenye kinu. Nilikuwa natafuta mshipa wa kwatzi. Eneo zima la Winton wanachimba opali, lakini jiwe lile ni mchanga na tope lililokauka, halina kitu. Hata hivyo nilijua kwamba lingetokea kwetu, kabla ya kiongozi kumaliza salamu mama watwangaji wangekuwa wamelifanya unga, na mama bizalu, wale waosha masalio, wangekuwa wanauosha kwa mara ya pili. Mjukuu wenu aliniuliza kwa nini Kamituga hakuna nyayo. Nilimwambia mawe ya milima yetu ni ya zamani zaidi, yana zaidi ya miaka bilioni moja. Hao dinosaria walipozaliwa, mlima wa Mobale ulikuwa umekwisha kuzeeka na kuchoka. Alifikiri kidogo, akasema basi Bibi ana mawe mazuri kuliko haya. Huyo mtoto ni wenu, hakuna kipimo cha damu kinachohitajika.

Atawapigia Jumapili mkitoka kanisani. Saa sita mchana ya kwenu ni saa mbili usiku huku, kwa hiyo msichelewe kwa matangazo ya mchungaji, ana shule kesho yake. Ana maswali yaliyoandikwa kwenye daftari. Baba mdogo, la kwanza ni lako: yule mzee wa biskuti alimweleza yote, na anataka kujua ulimwona Mokele-mbembe wapi. Jibu unavyotaka, ila nakuomba sana, usimwambie kwamba mlimla na sombe.