Injini Inayosikia Baridi Kahama

Kwenye soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwaka 2019, dhahabu hupimwa kwa mizani ya kielektroniki, na mwenye mali huikodolea macho mpaka tarakimu ya mwisho itulie. Akitoka hapo mtu huyohuyo anaingia sheli, anashusha kioo na kusema, "Weka ya thelathini." Lita ngapi, hana habari. Zitampeleka kilomita ngapi, ndiyo kabisa. Wiki ikiisha analalamika kijiweni kwamba gari linakula mafuta.

Muuza spea za baiskeli mmoja wa Kahama, mwenye Toyota Corolla ya mwaka 2002, alilalamika hivyo kwa miezi. Kwanza alilaumu bei. Hapo alikuwa na robo ya haki: bei kikomo za EWURA hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mafuta yaliyoshushwa bandarini Dar es Salaam huwa yamebeba nauli ndefu yanapofika Kahama au Geita. Ila bei huondoa shilingi mfukoni, haiondoi lita kwenye tenki.

Akahamia kwenye uchakachuaji. Wazee wa barabara wanakumbuka enzi za petroli kuongezwa mafuta ya taa, hadi serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili mchezo usilipe tena. Akabadilisha sheli, kisha akabadilisha tena. Gari likaendelea kunywa.

Akabaki shemeji. Kijana alikuwa akilala chumba cha uani, hatua chache kutoka gari lilipoegeshwa, na mpira wa maji ulikuwa pale pale ukutani. Kwa jicho la mwenye gari, ushahidi ulikuwa umekamilika. Mpira ukafungiwa stoo, bustani ya mchicha ya mama mwenye nyumba ikanyauka, na matumizi ya mafuta hayakupungua hata tone.

Ndipo zamu ya gereji ikafika. Fundi alibadilisha plagi. Gari likaondoka kwa furaha, likarudi na kiu ileile. Akasafisha nozeli. Akashauri sensa ya oksijeni, ikanunuliwa ya mtumba, nayo ikaonekana kuwa na umri mkubwa kuliko ile iliyotolewa. Kila spea ilisindikizwa na maneno yaleyale: "Bosi, hii ndiyo yenyewe."

Aliyemwokoa hakuwa fundi. Alikuwa dereva wa lori, mteja wake wa matairi ya baiskeli, anayebeba mizigo kutoka Isaka kwenda Rusumo. Madereva hao huhesabiwa lita na matajiri wao, kwa hiyo hesabu wanaijua. "Kaka, umepima?" aliuliza. Kumbe hakuna aliyepima. Dawa yake haikuhitaji mashine: jaza tenki mpaka bomba lijikate lenyewe, rudisha tripu mita sifuri, nenda Shinyanga mjini urudi, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Kilomita 210, lita 21. Kumi kwa lita moja, barabara ya lami, mtu mmoja ndani, bila mzigo. Kwa Corolla ya cc 1,500 hiyo ni aibu.

Safari hii gari lilipelekwa kwa kijana mwenye mashine ya kupimia. Alichungulia ea klina, akaigonga chini, vumbi jekundu la barabara za migodini likamwagika. Akainua gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa mkono. Likagoma, breki ilikuwa imeshika. Kisha akachomeka mashine, wakazunguka mji, akauliza, "Mzee, mshale wa joto huwa unafika wapi?"

Mwenye gari akajibu kwa majivuno. Gari lake halipandi joto! Hata mlima Sekenke, mshale hukaa chini kabisa.

Kijana akamgeuzia kioo cha mashine. Joto la maji: nyuzi 57. Injini ile hutakiwa kufanya kazi ikiwa imepita 80. Thamostati, kile kivalvu kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haikuwepo. Kuna fundi aliyeing'oa zamani na kusema huku kwetu ni joto, haina kazi. Kompyuta ya gari, ikiona maji ya nyuzi 57, inadhani ndiyo kwanza kumekucha, basi inaendelea kuongeza petroli kama ya kuwashia asubuhi. Jua la Shinyanga likiwa kali kiasi gani, haliwezi kupasha maji mpaka nyuzi 80.

Tusimtukane sana aliyeing'oa. Thamostati chakavu ikigoma kufunguka huchemsha injini, na gari lililochemka katikati ya pori la Kakola halina mjomba. Kuing'oa hukufikisha nyumbani siku hiyo. Tatizo ni kwamba hakuna anayekumbuka kuweka mpya, na gari la mtumba huuzwa na tundu lake.

Thamostati mpya, kolanti badala ya maji ya bomba, breki ikaachia, ea klina mpya, matairi yakajazwa upepo. Shinyanga na kurudi: lita 16, zaidi kidogo ya kilomita 13 kwa lita.

Shemeji aliposikia, alipiga simu kuomba gari aende harusini Ushirombo. Akakubaliwa, maana kumnyima kungekuwa kumtukana mara ya pili. Alipokabidhiwa funguo alikuta tripu mita iko sifuri, tenki limejaa, na jina la sheli na namba ya pampu vimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa dashibodi.