Risala kwa Mgeni Rasmi Asiyealikwa

Ndugu mgeni rasmi, Sisimizi;
Ndugu wasaidizi wake mlioambatana naye kwa mstari mmoja kutoka ufa wa ukuta;
Mabibi na mabwana:

Sisi wenye majiko wa Namasakata, mkoani Ruvuma, tuna furaha isiyo kifani kukukaribisha. Wageni rasmi wengine hutuweka juani tangu saa mbili asubuhi, wakatokea saa saba na magari na vumbi lao. Wewe ukiitwa na punje moja ya sukari, unafika chai haijapoa. Hujawahi kudai posho, turubai wala maji ya chupa.

Ndugu mgeni rasmi,
Nasaba yako ni ya kutukuka. Sura ya 27 ya Kurani inaitwa kwa jina la ukoo wenu, na ndani yake mmoja wenu anawahimiza wenzake waingie makaoni mwao wasije wakapondwa na majeshi ya Suleimani. Nabii akasikia, akatabasamu. Kitabu cha Mithali nacho kinamtuma mvivu aje kwenu ajifunze kazi. Tumepekua sana, hatujaona andiko linalomtuma mtu akajifunze kazi kwa kamati.

Naomba sasa nitaje mafanikio.

Kwanza, umekagua majiko yetu bila upendeleo. Tone la uji nyuma ya jiko la mkaa, kichwa cha dagaa chini ya kinu, kipande cha chapati ambacho mtoto amekificha kwenye begi la shule: vyote umevibaini, tena usiku, bila taa. Mama mwenye nyumba akidai amefagia, wewe ndiye unayeandika ripoti.

Pili, ukoo wenu unatulindia uchumi. Katika mikorosho wanaishi binamu zako maji moto, wanaoshona majani kwa hariri ya watoto wao na kumwinda mbu wa mikorosho. Anayepanda mti wao hushuka haraka kuliko alivyopanda, lakini korosho hubaki na afya.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mna maadili. Hao tunaowaona wakibeba makombo ni dada watupu, na kila mmoja ana matumbo mawili: dogo lake mwenyewe, na jingine la jamii. Akinywa kitu kitamu hakimezi chote. Hukichukua nyumbani, akampa dada yake mdomo kwa mdomo, dada akampa mwingine, hadi watoto na malkia wapate. Chakula kigumu hupewa mabuu, wao wakakilainisha na kuwarudishia wakubwa majimaji yake. Hakuna anayekula kwa kujificha.

Ndugu mgeni rasmi,
Pamoja na mafanikio hayo, zipo changamoto. Tuliweka miguu ya meza ndani ya makopo ya maji; ukasubiri mtu aegemeze ufagio, ukautumia kama daraja. Tulimwaga majivu, tukapaka mafuta ya taa, tukachora mistari kwa ile chaki ya machinga. Ukazunguka. Tukanunua dawa ya kupuliza, tukashangilia maiti sakafuni. Kumbe tuliowaua ni waliokuwa zamu tu. Sehemu kubwa ya kiota haitoki nje, na malkia hana shughuli yoyote jikoni kwetu. Tena wapo jamaa zako, sisimizi wa Farao, ambao wakipuliziwa dawa hutawanyika, na kiota kimoja kikawa kadhaa. Sisi kugawa wilaya moja huchukua vikao vya miaka. Ninyi mnamaliza ndani ya siku chache, na hamhitaji gazeti la serikali.

Kwa sababu hiyo, tumekuandalia chakula.

Nitakieleza wazi bila wasiwasi, kwa kuwa risala ikisomwa mgeni rasmi huwa anaangalia simu. Ni kijiko kimoja cha chai cha asidi ya boriki, vijiko kumi vya sukari na vikombe viwili vya maji ya vuguvugu. Tumechovya pamba, tukaiweka kwenye kifuniko cha chupa kando ya njia yako, mahali ambapo watoto na kuku hawafiki, maana heshima hii ni yako peke yako. Dawa tumeitia kidogo kwa makusudi. Ikizidi, mnywaji hufa njiani, na habari za karamu hazifiki nyumbani. Kama siku hizi nyumbani kwenu mnahitaji mafuta kuliko sukari, sema, tutaichanganya na siagi ya karanga.

Tunawaomba na wenye nyumba watulie. Leo na kesho wageni wataongezeka. Huo ndio mwaliko unavyosambaa. Asitokee mtu wa kuwapulizia dawa au kufuta njia yao kwa sabuni, akaharibu sherehe kabla chakula hakijafika kwa mwenye kiti.

Usidhani tunakujaribia. Huko Zanzibar minazi ilikuwa ikisumbuliwa na mdudu anayefyonza nazi changa. Maji moto wangemmaliza, lakini walikuwa wamefukuzwa mitini na sisimizi wenye vichwa vikubwa, ambao wataalamu huwaita Pheidole megacephala. Taarifa ya majaribio iliyochapishwa mwaka 1992 ilieleza jinsi chambo chenye sumu ya haidramethilnoni kilivyowapunguza vichwa vikubwa hao, maji moto wakapata nafasi ya kurudi. Ukoo wako umewahi kuandaliwa karamu na watu wenye shahada.

Ndugu mgeni rasmi,
Kuna aliyeuliza kwenye maandalizi: kwa nini chambo hiki kisitegwe kwenye vyama vyetu vya ushirika, fedha za wakulima zinapoliwa? Tulijadili, tukaona hakitafaa. Mweka hazina angekula peke yake, akafa peke yake, wenzake wakagombea kiti chake kabla ya arobaini. Chambo kinamhitaji mwizi anayekumbuka nyumbani, aliyeshiba nusu ili dada yake ashibe nusu. Wewe huangushwi na ulafi wako, maana ulafi mbona hata sisi tunao, na tunazeeka nao vizuri tu. Unaangushwa na ukarimu. Ungekuwa mchoyo kama sisi, ukoo wako usingetoka jikoni kwetu milele.

Maombi yetu kwako ni mawili. La kwanza, karibu mezani, usione haya. La pili, usisahau kumfungashia malkia.

Naomba kuwasilisha.