Mkrismasi wa Chewele

Yote yaliletwa na simu moja kutoka Garsen: mama mkwe atakuja baada ya Idi, na safari hii atakaa mwezi. Mama watoto akatoka, akasimama njiani, akaitazama nyumba yetu kama mnunuzi asiyeridhika na bei. "Baba," akasema, "nyumba hii haina uso."

Mbele ya nyumba palikuwa peupe, pamefagiliwa vizuri, kama palivyo kwa majirani wengi hapa wadi ya Chewele, Bura. Mimi sikuona kasoro. Uwanja uliofagiliwa, nyoka unamwona kabla hajafika mlangoni. Lakini hoja ya nyoka haimtoshi mwanamke anayemngojea mamake.

Tukaanza na nyasi, nikazing'oa kando ya mfereji na kuzipanda jioni. Asubuhi mbuzi wa jirani alikuwa ameshazimaliza. Tukapanga mawe, tukayapaka chokaa. Watoto wakayafanya magoli. Idi ilikuwa bado miezi mitatu, ndipo nikakumbuka mikrismasi niliyoiona Malindi, ile yenye maua mekundu yanayofunika mti mzima. Nikaagiza mbegu 12.

Mbegu ya mkrismasi ina ganda gumu. Aliyezileta aliniambia nizimwagie maji ya moto na kuziacha usiku kucha. Jiko lilikuwa limeshazimwa, mama watoto kalala, nami nikaona maji ni maji. Nikaziloweka katika kikombe cha maji ya baridi. Kesho yake nikanunua kwa mzee mmoja Mworma magunia mawili ya samadi ya mbuzi, nikaichanganya na udongo, nikapanda.

Nilipanda 12, ikaota miche 39. Mwenye akili angejiuliza. Mimi nilimshukuru Mungu, nikaongeza maji. Majani yalikuwa madogomadogo, yamepangana kama unyoya, vilevile nilivyoyajua ya mkrismasi. Kila jioni nilibeba madumu mawili. Mzee aliyeniuzia samadi alipita siku moja, akasimama, akatazama miche, akanitazama mimi. "Maji unayo mengi," akasema, akaenda zake.

Mama mkwe aliposhuka kwenye bodaboda hakuuliza hata maji ya kunywa. Aliinama, akashika mche mmoja, akautoa mkono haraka na kunyonya kidole. Kwa heshima hakunisemesha mimi. Alimgeukia binti yake. "Muulize mumeo, mathenge ya huko nje hayajamtosha?"

Hapa Bura swali hilo lina uzito. Mathenge, mti wa miiba, uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, tena kwa nia njema, ili walowezi wa mradi wa umwagiliaji wapate kuni na kivuli. Pamba iliyowaleta walowezi ilishindwa, mathenge haukushindwa. Umeingia mashambani, malishoni, hadi ndani ya mifereji. Maganda yake ni matamu, na mbuzi huyapenda mno. Wafugaji wa Baringo walimpeleka mahakamani mbuzi mapengo, awe ushahidi wa yanayofanywa na utamu huo kwenye meno. Mbegu zenyewe hazisagiki. Hupita tumboni, ganda likalainika, zikatoka pamoja na samadi zikiwa tayari kuota. Kwa hiyo zangu zililala kwenye kikombe cha maji ya baridi, na zile nyingine zilikuwa zimeshapikwa na mbuzi.

Tuling'oa siku tatu. Mche wenye urefu wa shibiri moja juu, mzizi wake unakwenda chini hujui unaishia wapi. Ukiukata juujuu unachipua tena. Mama mkwe alichimba kwa jembe, ameketi kwenye kigoda, mimi nikikusanya miiba kwa adabu zote. Kwenye mche wa 31 akalisimamisha jembe. Huo haukuwa na mwiba. Akaupapasa shina, akaupapasa tena. "Huu ni wako, mwanangu," akaniambia mimi mwenyewe.

Mkrismasi mmoja, basi. Tuliuzungushia ua ili mbuzi asiufikie, na kwa ua hakuna kitu hapa kinachoshinda matawi ya mathenge. Mwenye kupita huona boma la miiba tu mbele ya nyumba yetu. Mbuzi wa jirani huja kila alasiri, akauzunguka ua, akachungulia, akaondoka. Huacha punje chache za mavi pale mlangoni, na mama watoto huzifagia upesi kabla sijatoka na jembe.