Kitufe cha Kijani Ajitetea

Dirisha la kompyuta likijaza skrini nzima, fremu yake hutoweka, menyu hujificha na vyote vilivyokuwa pembeni huondoka machoni. Kwa kutazama filamu, hali hiyo haina ubaya. Ugomvi ulianza ilipofanywa desturi ya kazi za kila siku, hasa kwenye kompyuta za Mac. Wagomvi ni watatu: Kitufe cha Kijani anayekaa kona ya juu ya dirisha, Skrini ya Pili, na Kishale, mtumwa wa kipanya.

“Mimi nilipandishwa cheo,” alisema Kitufe. “Tangu Mac OS X ya mwaka 2001 kazi yangu ilikuwa kulipima dirisha litoshee yaliyomo. Toleo la Yosemite lilipotoka mwaka 2014, nikibofywa tu, dirisha linameza skrini yote.”

“Na ile kazi ya zamani ameachiwa nani?” aliuliza Skrini ya Pili.

“Ipo. Mtu ashikilie Option kwenye kibodi kwanza, ndipo anibofye.”

“Yaani aliyekuzoea miaka 13 ndiye apitie mlango wa uani, bwana Kitufe. Hongera.”

Kitufe alijibu kwamba wazo halikuwa lake. Lilitoka iPad, likaletwa kwenye Mac na toleo la Lion mwaka 2011.

“Hapo ndipo penye kosa,” alisema Skrini ya Pili. “iPad ya wakati huo ilikuwa na kioo cha inchi 9.7, hapakuwa na nafasi ya kugawana. Mtu mwenye skrini mbili pana mezani akalazimishwa adabu za kibao! Kanunua mbili asome huku, aandike kule. Dirisha likijaa kwa mwenzangu, mimi nilikuwa nafunikwa kitambaa cha kijivu. Hata sanda huwa nyeupe! Nililala hivyo mpaka toleo la Mavericks, Oktoba 2013.”

Kishale naye alikuwa na lake. “Nikipanda kukifuata kichupo cha kivinjari, menyu inateremka na kunikalia. Nalenga kichupo, napata menyu. Halafu kila dirisha lililojaa linapewa uwanja wake, na kuhama uwanja ni kuteleza polepole. Ukiomba mwendo upunguzwe kwenye mipangilio, kuteleza kunageuka kufifia. Kungoja kuko palepale.”

“Mbona mnaniandama peke yangu?” Kitufe alilalamika. “Windows 8 ya mwaka 2012 nayo ilijaza skrini kwa programu zake mpya.”

“Na mwaka uliofuata 8.1 ikaongeza kikokotoo,” alisema Skrini ya Pili. “Kikokotoo! Mtu ajumlishe bei ya nyanya na vitunguu, tarakimu zisomeke hadi kwa jirani. Saba ukubwa wa sahani, jawabu ukubwa wa sinia, na hesabu aliyotaka kuihakiki imefichwa nyuma yake. Lakini wale walirudi nyuma: Windows 10 ya mwaka 2015 ikazirudisha programu hizo kwenye madirisha. Wewe bado unajisifia cheo. Waliokubuni waache kumfundisha mwenye kompyuta namna ya kukazia macho kazi yake! Akitaka kujaza skrini, atajaza. Hajaomba kufichiwa saa, wala jirani zake kufukuzwa.”

“Siku hizi kuna mpangilio unaoipa kila skrini viwanja vyake,” alisema Kitufe kwa sauti ya chini.

“Ukiwashwa?”

“Wewe unabaki na madirisha yako. Ila dirisha moja haliwezi kutanda skrini mbili.”

“Ukizimwa?”

“Linatanda. Ila la kwanza likijaa, wewe unakuwa mweusi tii.”

“Na kubadilisha kati ya hayo mawili?” aliuliza Kishale.

“Mtumiaji atoke kwenye akaunti yake, aingie upya.”

“Programu zote zifungwe?”

“Zote,” alisema Kitufe.