Kumtetea Fundi wa Jipsamu

Kuanzia Buruburu hadi Kayole jijini Nairobi, "kesho" ya fundi wa jipsamu huchekwa kama ahadi ya mgombea kiti. Akishapandisha bodi hutangaza kwamba kilichobaki ni kumalizia tu, na wiki mbili baadaye mwenye nyumba bado anakunywa chai yenye vumbi jeupe, televisheni ikiwa imefunikwa shuka kama marehemu. Hata hivyo nashikilia kwamba fundi huyu ni mkweli kuliko anavyosifiwa. Neno lililodanganya ni lile "tu". Bodi ya futi 8 kwa 4 inahitaji watu wawili, chaneli na skrubu, ikapanda. Kazi yenyewe ni kumfanya mgeni asijue kwamba bodi zilikuwa zaidi ya moja. Kila kiungo hubandikwa tepu, hupakwa filla, hungojwa, hupigwa msasa, kisha hupakwa tena kwa upana zaidi, na mara nyingi hata mara ya tatu, kwa sababu filla ikikauka hunywea na kuacha kijifereji. Anayeharakisha mpako wa pili juu ya wa kwanza ulio mbichi amejinunulia ufa. Mvua za Aprili nazo hazijui kwamba sherehe ni Jumamosi. Halafu kuna vituko vya unga wenyewe: viwanda vya saruji vya Athi River hutia jipsamu kwenye saruji ili isigande upesi, lakini jipsamu hiyo hiyo ikishachomwa na kukorogwa peke yake ndooni hugeuka jiwe kabla fundi hajamaliza kuongea na simu.

Tuje kwenye konisi, ule urembo wa pembeni dari inapokutana na ukuta, maana hapo ndipo nyumba hufichua siri zake. Konisi hukatwa digrii 45 kila upande kwa imani kwamba kona ni 90, imani ambayo Eastlands haijaipatia ushahidi mwingi. Nyumba za Buruburu zilijengwa kwa awamu 5 kuanzia miaka ya 1970, na tangu hapo wenyewe wamezisukuma mbele hadi zikakaribia geti: chumba cha kupangisha hapa, duka pale, ngazi ya kwenda juu, kila nyongeza na fundi wake na pima maji yake. Sehemu nyingi za upande huu wa mji zimekalia udongo mweusi, ule unaovimba kwa mvua na kunywea kwa jua, kwa hiyo msingi uliochimbwa kwa kubana pesa hupumua pamoja nao. Kona ikifika digrii 92, konisi inayotokeza sentimita 10 huachana mdomoni kwa karibu milimita 5, njia pana kwa mende asiye na haraka. Dawa ni kupima kona, kugawa kwa mbili na kukata 46. Dawa inayotumika zaidi ni kushindilia filla na kuomba Mungu.

Wapo watakaosema wazee waliishi na plasta na rangi, na hakuna kona iliyowahi kumkosesha mtu usingizi. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja yangu. Plasta hupinda pamoja na ukuta, jicho likakosa cha kulinganisha. Ukileta skatingi moja iliyonyooka kule chini ya ukuta umeleta shahidi. Fundi akifuata pima maji, nafasi inabaki chini. Akifuata sakafu, skatingi inaonekana imetoka baa. Wengine watasema fundi ana kazi tatu kwa wakati mmoja, asubuhi Tassia, mchana Komarock. Hilo sitalitetea, ila filla haikauki haraka zaidi kwa kukodolewa macho.

Na mteja naye hana mikono misafi. Dari ikishakaribia kuisha hudai taa za kujificha pembeni, kama alivyoona kwenye picha, na mwanga unaoteleza sambamba na dari huchora kivuli cha kila kinundu ambacho taa ya katikati ingekisamehe. Mchana dari ilipokelewa kwa kupeana mikono. Saa moja jioni fundi anapigiwa simu. Stima zikipotea, dari zote za Umoja huwa zimenyooka.