Dakika Kumi Kutoka Lami

Dar es Salaam mtu hakuulizi kama una nyumba, anakuuliza umejenga wapi. Ukijibu Goba, anaitikia kwa heshima. Ukijibu Chanika, anakupa pole ya safari. Ukijibu Kigamboni, anataka kujua unapita darajani au kwenye pantoni. Na ukijibu kwamba bado umepanga, anavuta kiti akae vizuri, maana amepata mtu wa kumshauri.

Mimi na mume wangu tulishauriwa sana mwaka ule. Kodi ya miezi sita ilikuwa inakaribia kuisha, mwenye nyumba ameanza kutusalimia kwa upole usio wa kawaida, na akiba yetu ilikuwa imefika pale ambapo ukiitazama benki unajisifu, ukimtajia dalali anacheka. Wengi wetu nyumba ya kwanza hatuikuti imesimama. Tunanunua kiwanja, tunashusha tofali, tunapumzika; tunapandisha msingi, tunapumzika tena; mwisho tunahamia madirisha yakiwa bado ni mabati. Ndiyo maana swali la mtaa ni zito. Paa utalibadilisha na ramani utaibadilisha, lakini Chanika hutaisogeza hata hatua moja kuelekea Posta, katikati ya jiji.

Jambo moja lilinishangaza: sikumpata mtu hata mmoja aliyenishauri ninunue mahali ambapo yeye hakununua. Mwanzoni nilidhani ni mapenzi ya mtu na kwake. Baadaye nikaielewa hesabu. Mitaa yetu mingi ya pembezoni watu hutangulia, huduma zikaja nyuma zikihema. Nyumba zikiwa tano, hata bodaboda anadai nauli ya kwenda na ya kurudi. Zikiwa hamsini, daladala inaanza kuchungulia, na maombi ya kuletewa umeme yanakuwa na uzito. Kwa hiyo kila aliyenunua porini anawahitaji wenzake haraka, na wewe uliyekaa sebuleni kwake na akiba yako, yeye anakuona ni nguzo ya umeme inayotembea.

Shemeji yangu wa Kigamboni ndiye aliyetangulia kunitembezea maneno. Kwake yeye, tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016, Kigamboni na Posta ni chumba na sebule. Ukimtajia tozo ya daraja, anahamia kwenye pantoni. Ukimtajia foleni ya pantoni, anarudi darajani. Tulikwenda kumtembelea, tukakaribishwa chai. Nilipiga funda moja, nikamwinamia mke wake na kumuuliza kwa adabu kama kwao chai huwekwa chumvi.

"Ni maji ya kisima, wifi," alinijibu taratibu, huku mumewe akikohoa kwa nguvu.

"Mtazoea," alisema shemeji. "Sisi siku hizi tukienda mjini, chai ya huko tunaiona imepooza."

Mjomba wangu ana yake. Yeye alipata kiwanja Bunju kwenye ule mradi wa serikali wa viwanja 20,000, miaka ya mwanzo ya 2000, na watu wa mradi ule kuzungumza nao kunahitaji moyo. Walichukua pakiwa pori, leo wana barabara zilizonyooka, mawe ya mipaka na hati mkononi, basi kila sentensi yao inaanza na "mngekuja wakati ule." Wakati ule, mjomba, mimi nilikuwa kidato cha pili, na akiba yangu yote ilikuwa nauli ya Ijumaa.

Kisha kuna Mbezi. Ukiambiwa "nunueni Mbezi," usishukuru kabla hujauliza ni ipi. Dalali mmoja alinipigia simu akanitajia bei ya Mbezi iliyonifanya nikae chini.

"Mbezi Beach?" niliuliza.

"Beach siyo mbali, dada."

Ilikuwa Mbezi Makabe, upande wa pili kabisa, juu kilimani. Bahari ungeiona, labda, kama ungekwea mnazi na kujaliwa macho ya kipanga.

Barabara kuu nayo ina mtego wake. Dar kila mtu anataka kuwa karibu na lami, lakini kuna ukaribu unaouma. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Nyingine zilikuwa za watu waliojenga kwa jasho la miaka. Tangu hapo mtu akipelekwa kuona nyumba ya barabarani, kwanza anaizunguka nyumba nzima akitafuta X nyekundu ya kubomolewa, ndipo anauliza vyumba ni vingapi.

Lakini elimu yenyewe niliipata kwa madalali. Dalali wa kiwanja anachukua hela ya kuonyeshwa kabla hujaona, na biashara ikifanyika anataka asilimia kumi yake. Katikati hapo anakufundisha upya namna ya kuhesabu. "Dakika kumi kutoka lami" ni dakika za bodaboda, wakati wa kiangazi, alfajiri, dereva akiwa mzaliwa wa hapo na hajapakia mtu. "Umeme upo" ni kidevu kinachoelekezwa mbali, na ukikaza macho kweli unaiona nguzo, isipokuwa kati yako nayo kuna bonde. "Bomba limepita" nayo ni kweli tupu: limepita, likaenda zake. Na kila kiwanja tulichoonyeshwa kilipakana na mkurugenzi. Sikuwahi kupelekwa penye jirani mwalimu au fundi cherehani. Wakurugenzi walikuwa wengi mno, nikaanza kujiuliza maofisini amebaki nani.

Vipimo ndiyo kabisa. Kiwanja kinatangazwa kuwa ni 20 kwa 20, nawe unaitikia kwa furaha bila kuuliza ni 20 za nini. Ni hatua, na hatua zina mwenyewe. Dalali wetu, mtu mfupi, alijitolea kupima. Aliondoka pembeni kwa madaha, kisigino kikitua karibu na kidole gumba, akihesabu kwa sauti kama anaswalisha. Alipofika ishirini alisimama, akafuta jasho. Mume wangu, ambaye suruali zote za mtumba humwishia juu ya kifundo, aliifuata njia ileile akarudi kwa hatua kumi na tatu. Wakatazamana.

"Boss ana haraka," dalali aliniambia mimi.

Ndiyo sababu wanaojua husisitiza kiwanja kilichopimwa: ramani ipo, mawe ya mipaka yana namba, na mita haijali urefu wa mguu wa mtu. Ila kilichopimwa kina bei inayojitambua, na akiba yetu kila ikisimama mbele yake ilikuwa inainamisha kichwa.

Basi tukashuka bei, na kushuka bei Dar mara nyingi ni kushuka bonde. Ilikuwa mwezi wa nane. Tulipelekwa mahali pa kupendeza mno: tambarare, udongo mweusi, majani mabichi wakati huko kwingine kote nyasi zimekuwa kahawia. Mume wangu alikuwa ameshaanza kuonyesha kwa mkono jiko litakapokaa. Bahati yetu tulikuwa na mama mkwe, aliyekuja mjini kutibiwa macho. Mama mkwe ni mtu wa Kyela, na mtu wa Kyela humdanganyi kuhusu maji.

Aliinama, akachota udongo, akaufinyanga kwa vidole viwili ukawa kidonge. Akakitazama kidonge. Hakikumeguka.

"Hapa panafaa mpunga," alisema.

"Si mnaona!" dalali alishangilia. "Mama anaijua ardhi!"

Mama mkwe hakumjibu. Alikuwa anaitazama nyumba ya jirani, ambayo ukutani ilikuwa na mstari wa kahawia ulioizunguka pande zote, usawa wa kitasa cha mlango.

"Na ule mstari, baba?"

"Dizaini, mama. Siku hizi wanapenda rangi mbili."

"Na ule mto?"

"Ule mtaro, mama."

Hapo nilimwelewa dalali vizuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye mto ziachwe wazi, kwa hiyo kwenye macho ya dalali Dar es Salaam nzima haina mto. Ina mitaro. Jiji linakumbuka Desemba 2011, mvua ilipowatoa watu bonde la Msimbazi na serikali ikawahamishia Mabwepande. Dalali naye anakumbuka, ila kumbukumbu yake hukauka pamoja na tope.

Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya mazungumzo, sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya: "Vyura wa hapa huanza kulia saa ngapi?"

"Saa moja jioni, mama," dalali alijibu bila kufikiri, "ila mtazoea."

Tuliondoka. Hata hela ya kuonyeshwa hatukuidai.

Mwisho tulinunua Kibamba, kwa ndani. Hati ya mauziano iliandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti, mashahidi wa pande mbili, na binti wa muuzaji, aliyekuja kuhakikisha safari hii baba yake anauza mara moja. Mama mkwe alikuwa amekwisha kupakagua jioni moja, akatega sikio, hakusikia chura. Ni mlimani. Mafuriko hayatufikii, na maji ya bomba pia hayatufikii. Bajaji ikifika mahali fulani humwomba abiria mnene ashuke kidogo, na abiria wote hutazamana. Jirani mkurugenzi kweli tunaye. Imeandikwa kwenye fremu yake kwa rangi ya mafuta, chini ya bei ya chipsi mayai.

Tuna kamati pia, maana mtaa bila kamati ni pori lenye nyumba. Mimi ndiye katibu. Tunachanga kifusi cha kujaza korongo la njia, na kila masika kifusi kinashuka bondeni kwa watu wengine, ambao nasikia wanashukuru sana. Katika kikao kilichopita tulijihesabu, tukaona bado tu wachache. Mwenyekiti alisema kila mwenye ndugu, rafiki au mfanyakazi mwenzake anayelipa kodi, ajitahidi.

Ofisini kwetu kuna kijana ameoa juzijuzi. Alivuta kiti mezani kwangu akaniuliza, "Dada, huko kwenu pakoje?"

Nilimweleza. Hewa safi, utulivu, kituo cha mabasi cha Magufuli kipo hapo Mbezi, watoto wanacheza nje, jirani yetu mkurugenzi. Kutoka lami, dakika kumi.

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua gani?"

Alisema ana likizo mwezi wa nne, atakuja na mkewe wapaone. Nilimwambia wala asisubiri likizo, mwezi wa nne bei zitakuwa zimepanda. Aje Januari. Januari kwetu panapendeza sana, na dalali namjua mimi mwenyewe.